Mkono Uliosahau Kulegea

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma nakuomba uweke chini kikombe chako cha chai, ukunje ngumi, kisha uukaze mkono mzima kuanzia begani hadi kwenye vifundo vya vidole, kwa nguvu zako zote. Sasa, huku umeukaza hivyo hivyo, jaribu kurusha ngumi mbele upesi. Umeona? Mkono hauendi. Unajikokota kama mkokoteni uliofungwa breki. Ulegeze kwanza, uuache uning'inie kama kamba ya kuanikia nguo, halafu urushe tena. Safari hii umekwenda wenyewe, na pengine kiwiko kimekushtua kwa wepesi wake.

Jambo hilo, ambalo wewe umelijua kwa muda usiozidi dakika moja, mimi limenichukua karibu miaka 50 kulielewa. Limenigharimu mfupa mmoja wa kiganja na sehemu kubwa ya kiburi changu, na hata sasa, ninapokuandikia haya kwa mkono wa kushoto, sijamaliza kulisoma.

Nilizaliwa mwaka 1954 katika kijiji kimoja cha Ufipa, chini ya milima ya Mbizi, mahali ambapo upepo wa mwezi wa Juni hupenya hata blanketi mbili. Mwaka 1974, mwaka ule ule ulioundwa Mkoa wa Rukwa, mimi nilikuwa Dar es Salaam, kibarua katika kiwanda cha nguo. Walio wa rika langu watakumbuka mambo yalivyokuwa. Bruce Lee alikwisha fariki Julai 1973, lakini katika majumba ya sinema ya jiji, Avalon, Empress na mengineyo, alikuwa hai kuliko sisi tuliokaa kumtazama. Kila Jumapili jioni vijana walitoka sinema wakirusha mateke barabarani, na ole wake aliyekuwa anapita na kikapu cha mayai.

Kwa bahati yetu hatukuwa na sinema tu. Mwaka 1973 mwalimu mmoja, Mmarekani mweusi jina lake Nantambu Camara Bomani, alikuwa ameanzisha mafunzo ya karate pale Shule ya Zanaki, kwa mtindo uitwao Goju-ryu. Mwenzangu mmoja wa zamu alikuwa akienda huko kujifunza, na jioni, nyuma ya mabweni yetu, alitufundisha sisi wengine kile alichokipata. Hivyo mimi sikuwa mwanafunzi wa mwalimu yule. Nilikuwa mwanafunzi wa mwanafunzi, kama mtu anywaye maji mtoni chini ya wafuaji. Nalisema hili ili makosa nitakayoyasimulia yasiangukie shingo isiyo yao.

Mwenzangu alitueleza mapema kwamba katika jina la mtindo huo neno "go" maana yake ni ugumu, na "ju" maana yake ni ulaini. Mwasisi wake, Chojun Miyagi wa kisiwa cha Okinawa huko Japani, aliyaweka maneno hayo mawili pamoja kwa makusudi. Mimi nililipenda lile la kwanza, nikaliacha la pili lipite. Kijana wa miaka 20 ana haja gani na ulaini? Nilikuwa nikibeba majora ya nguo mchana kutwa, mabega yangu yalikuwa kama mlango wa ghala, na niliamini kwamba ngumi ni suala la nani ana nyama nyingi zaidi mkononi.

Mwaka 1981 nilirudi nyumbani. Nilipata kazi ya ufundi Sumbawanga mjini, nikaoa, na jioni nikakusanya vijana wapatao kumi katika ukumbi mmoja mtaa wa Mazwi, nikawafundisha. Tulikuwa hatuna mikeka wala mavazi meupe. Tulifanya mazoezi kwa kaptura na fulana, na katika miezi ya baridi tuliliona joto la pumzi zetu likitoka kama moshi, maana mji wetu umekaa mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kosa la vijana wale lilikuwa moja kwa wote, nami sikuliona kuwa ni kosa. Kila mmoja, alipotaka kupiga kwa nguvu, aliinua mabega hadi masikioni, akauma meno, akakaza mkono mzima kabla haujaanza safari. Mimi niliwapongeza. Niliwaambia, "Hivyo hivyo, kaza!"

Malipo yangu yalikuja siku ya maonyesho, hadharani. Niliweka matofali mawili ya kuchoma juu ya vizuizi, nikaahidi kuyavunja kwa pigo la kushuka, kwa ubavu wa ngumi. Mke wangu alikuwa katika watazamaji, na mama mkwe pia. Nilivuta pumzi, nikakaza kila kilichoweza kukazwa, nikashusha mkono. Tofali la juu lilibaki linanitazama. Kilichovunjika ni mfupa wa kiganja, ule ulio chini ya kidole kidogo. Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikafungwa hogo, kama wasemavyo watu wa mitaani, na kwa kuwa sikuweza kazi nilikwenda kijijini kwa shangazi yangu kukaa wiki chache. Ni yeye, msomaji wangu, aliyekuwa mwalimu wangu wa kwanza wa kweli, ijapokuwa hakupata kuliona jumba la sinema maisha yake yote.

Shangazi alikuwa akitwanga mahindi pamoja na mkaza mwanawe katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukishuka wakati wa yule ukipanda. Nilikuwa nimeiona kazi hiyo tangu utotoni, na kwa sababu hiyo sikuwahi kuitazama. Siku ile, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa kifungoni na sikuwa na la kufanya, niliitazama. Wanawake wale waliinua mchi, kisha kule juu waliuachia kabisa, wakapiga makofi mara moja, pwa!, na kuudaka tena ungali hewani, kabla haujazama kinuni. Nguvu za mkono zilitumika kuuanzisha na kuupokea mwishoni. Katikati mkono ulikuwa mtupu, tena ulikuwa na nafasi ya kupiga kofi!

Nilimwomba mchi nijaribu kwa mkono wa kushoto. Nilipiga mara tano nikaanza kutweta. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe unaubeba mchi mpaka chini. Kwani hauijui njia?"

Nilicheka siku ile, nikadhani ni utani wa mtu mzima kwa kijana aliyeshindwa na tofali.

Naomba sasa nikueleze kilichomo ndani ya mkono, kadiri nilivyokuja kukielewa baadaye kwa kusoma na kwa kuuliza. Mkono wako wa juu una tafu mbili kubwa. Tafu ya mbele, ile ambayo vijana hupenda kuitunisha mbele ya kioo, hukunja kiwiko. Tafu ya nyuma, ambayo hakuna aisifuye, hukinyoosha. Msuli hauna uwezo wa kusukuma, unavuta tu. Kwa hiyo ngumi inyooshwayo mbele ni kazi ya tafu ya nyuma ikisaidiwa na misuli ya bega, ya kifua na ile iliyoshikilia mbavu chini ya kwapa. Tafu ya mbele, katika safari hiyo, ni breki. Mtu anayeikaza mikono yote miwili ya mzani kwa pamoja anakuwa kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja: gari linanguruma, linatoa moshi, na halifiki.

Mwili wenye afya una njia yake ya kuzuia ugomvi huo. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kwamba uti wa mgongo unapouamuru msuli mmoja ujikunje, kwa amri ile ile humnyamazisha mwenzake wa upande wa pili. Lakini hofu, haraka na tamaa ya kuonekana huivuruga hekima hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi mgeni wa karate hupiga kwa mkono mgumu, na ndiyo maana mtoto anayejifunza kuandika huibana kalamu mpaka vidole vikabadilika rangi.

Amri yenyewe ni umeme. Luigi Galvani, tabibu wa mji wa Bologna nchini Italia, alichapisha mwaka 1791 habari za miguu ya vyura iliyoruka ilipoguswa na umeme. Miaka ya 1840 Emil du Bois-Reymond wa Berlin alitaka kuuona umeme huo katika mkono wa mtu hai, yaani mkono wake mwenyewe. Ngozi ilikuwa inamzuilia, basi akajitia malengelenge, akaiondoa ngozi ile, akatumbukiza mikono katika maji ya chumvi na kuikaza. Sindano ya kipimo chake ikasogea. Siku hizi hakuna haja ya kuchunwa. Vibandiko vidogo juu ya ngozi vinatosha, ijapokuwa umeme vinavyoupokea ni mdogo mno, kiasi cha sehemu moja ya elfu ya ule utokao katika betri ya tochi, au chini ya hapo.

Kwa vibandiko vya namna hiyo wataalamu wamewachunguza wapiganaji wakati wanapopiga. Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walieleza waliyoyaona kwa mabingwa wa mapigano: misuli huwaka mara mbili. Mara ya kwanza huwaka pigo linapoanza. Kisha hulegea, na katika kulegea huko ndiko mkono hupata mbio zake. Halafu huwaka tena kwa ghafla wakati wa kugusa, ili mwili wote uwe kitu kimoja kigumu nyuma ya ngumi. Wajapani wana neno lao kwa kukaza huko kwa mwisho, "kime". Kuwaka, kimya, kuwaka. Niliposoma habari hiyo niliweka karatasi chini nikamkumbuka shangazi: kuinua, kofi, kudaka.

Kimya kile cha katikati kina sababu yake. Msuli uliokazwa ni mgumu kunyumbulika, na ugumu huo hupunguza mwendo. Tena mtu akishakaza kila kitu mapema, hana kitu cha kuongeza wakati wa kugonga. Na mwendo ndio wenye thamani. Ukiongeza mara mbili uzito wa mkono, nishati ya pigo huongezeka mara mbili. Ukiongeza mara mbili mwendo wake, nishati huongezeka mara nne. Mwaka 1979 wanafizikia watatu wa Marekani, Michael Feld, Ronald McNair na Stephen Wilk, walichapisha hesabu zao za karate, wakaonyesha kwamba pigo la kushuka la mtu aliyefuzu hufikia mwendo wa mita 10 hadi 14 kwa sekunde, na kwamba mfupa wa mkono una uwezo wa kustahimili mengi kuliko zege, mradi tu mkono ufike kwa kasi na uguse mahali panapostahili. McNair mwenyewe alikuwa mwana karate wa mkanda mweusi. Huyu ndiye mwanaanga aliyefariki katika chombo Challenger tarehe 28 Januari 1986. Tofali langu la Mazwi lingeweza kuvunjika, basi. Mimi niliushusha mkono ukiwa na breki, nikafika pale kama mgeni anayebisha hodi kwa wasiwasi.

Kuna jingine nililolijua kwa kuchelewa: ngumi haitoki mkononi. Watafiti wa Kisovieti waliowapima mabondia walitoa mwaka 1985 hesabu kwamba kwa waliobobea karibu robo tatu ya nguvu za pigo hutoka miguuni na kiunoni, na mkono huchangia kiasi cha robo tu. Wale wa rika langu wanaomkumbuka Titus Simba, bondia wetu aliyeleta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, wakae wakumbuke pia miguu yake. Lakini mkulima wa Ufipa hahitaji kwenda Edinburgh. Mtazame mtu anayefukia majani ili kutengeneza ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ambamo nyasi huoza na kuwa mbolea. Jembe huinuliwa kwa mgongo na miguu, huanguka kwa uzito wake, na mikono huliongoza na kulibana wakati linapoingia udongoni. Anayelisukuma jembe kwa mikono peke yake hafiki saa nne asubuhi. Hali kadhalika wapuraji wa ulezi na fimbo zao.

Na tulikuwa na wahunzi. Msomaji aliyepita nchi yetu huenda ameziona tanuru za kale za udongo, malungu, nyingine zina urefu wa mita tatu hivi, ambazo ziliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kile kibichi kilisafishwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, yenye mivukuto. Kazi hiyo ilikufa zama za ukoloni, majembe ya viwandani yalipoingia. Babu yangu mzaa mama aliikuta ikiishia, akabaki kufua vyuma chakavu. Nakumbuka mlio wa kazi yake kuliko sura yake: nyundo iligonga chuma chenye moto kwa sauti nzito, kisha ikadunda kidogo pembeni juu ya fuawa kwa sauti nyembamba, kisha nzito tena. Ule mdundo mwembamba nilidhani ni madoido. Kumbe ndipo mkono ulipokuwa unapumzika.

Yote hayo niliyakusanya polepole, kwa starehe ya mtu aliyestaafu na mwenye miwani mizuri. Nilidhani ni elimu ya kuongelea barazani. Kisha ukafika mwezi wa Julai 2021.

Nilikuwa nafunga vifungo vya shati asubuhi. Mkono wa kulia ukashuka. Sikuushusha, ulishuka. Nilitaka kumwita mke wangu, na neno lililotoka halikuwa jina lake wala la mtu yeyote. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelala. Leo najua, na nakuomba nawe ulijue kwa ajili ya walio nyumbani mwako, kwamba mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu na maneno kuvurugika kwa ghafla ni kiharusi, na kwamba mgonjwa hufikishwa hospitali saa ile ile, si kesho. Sisi tulipoteza siku mbili. Wa kwanza kufika alisema ni baridi. Wa pili alishusha sauti akasema nimerogwa, na wa tatu akamtaja aliyeniroga. Mji wetu huo, jina lake watu hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi", na kwa siku mbili nzima uchawi uliokotwa tena na kuwekwa kitandani pangu, huku shinikizo la damu, ambalo nilikwisha ambiwa habari zake na nikazipuuza, likiendelea na kazi yake. Mke wangu ndiye aliyewafukuza wote na kutafuta gari.

Ulimi ulirudi baada ya wiki chache. Mguu ulirudi kwa kuchechemea. Mkono ulibaki umekunjwa kifuani, kiwiko kimebana, vidole vimefumba. Yaani, msomaji wangu, ngumi ilijikunja yenyewe na ikakataa kufunguka. Nilikuwa nimewapigia vijana kelele mwaka mzima wakunje ngumi vizuri. Sasa ninayo iliyokunjwa vizuri usiku na mchana, na siwezi kushika kijiko.

Watoto wangu walinipeleka kwenye hospitali moja kubwa nje ya mkoa. Pale mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinipa shikamoo, akaketi mbele yangu, akabandika vibandiko viwili kwenye tafu ya mbele na viwili kwenye tafu ya nyuma, akaunganisha nyaya na mashine ndogo yenye kipaza sauti. Akaniambia, "Baba, nyoosha mkono, ukiguse kikombe hiki."

Nilijaribu. Mashine ikalia. Sauti ya msuli ukifanya kazi ni kama bisi zinazolipuka chunguni, chache kwanza, halafu nyingi. Alinisikilizisha tafu ya nyuma peke yake: ilikuwa inalia, dhaifu, lakini inalia. Kwa hiyo haikuwa imekufa. Nilikaribia kulia machozi. Kisha akageuza kitufe tusikilize tafu ya mbele, ile ya kukunja, ambayo kwa wakati ule ilipaswa kunyamaza. Ilikuwa inavuma kama mvua ya mawe juu ya bati.

Alinieleza kwa upole kwamba upande wa kushoto wa ubongo wangu umeumia, na kwamba amri ya kunyamaza haifiki tena kama zamani. Kila ninapoongeza juhudi ya kunyoosha, msuli wa kukunja nao huongeza. Nilitikisa kichwa. Niliijua habari hiyo. Niliiona Mazwi, kwa vijana kumi, na nikaisifu.

"Usishindane nao, baba," aliniambia. "Usisukume. Vuta pumzi, uuache mkono uwe mzito, halafu uanzishe kidogo tu."

Namna alivyolitamka lile "uuache"! Nilifumba macho. Sikukifikiria kikombe. Nilifikiria kinu, na mikono miwili ya mwanamke ikigonganishwa hewani huku mchi ukishuka peke yake. Katika mashine ile mvua ya mawe ilipungua. Haikuisha, lakini ilipungua, na zile bisi chache za tafu ya nyuma zikasikika zenyewe kwa muda ambao ungetosha kuhesabu moja, mbili. Vidole vyangu vilisogea kuelekea kwenye kikombe kiasi cha upana wa kiberiti.

Binti yule hakushangilia. Aliandika kitu katika daftari, akasema, "Tena." Nilimpenda kwa hilo.

Sumbawanga hatuna mashine ile nyumbani kwangu, na nauli ya kuifuata kila mwezi si ya mstaafu. Lakini ubongo, walivyonieleza, hujifunza njia mpya kwa marudio mengi, na marudio hayahitaji umeme. Basi nimerudia karate. Usicheke. Kila jioni mjukuu wangu, binti wa miaka tisa ambaye kwa utani wetu wa babu na mjukuu ananiita mchumba wake mzee, hulitundika karatasi la gazeti kwenye kamba ya nguo kwa vibanio viwili. Mimi hukaa juu ya kigoda, miguu imara chini, nikaanzia kiunoni. Kazi yake yeye ni kunisikiliza. Mkono ukienda umekazwa, karatasi husukumwa tu, ikajikunja na kurudi bila neno. Mkono ukienda umelegea na kukazwa mwishoni, karatasi hutoa mlio. Amekuwa mwamuzi mkali. Nikiuma meno huniambia, "Babu, unakasirika tena," na pigo halihesabiwi.

Wale vijana wa Mazwi sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Mmoja wao hupita kunijulia hali, anaegesha baiskeli yake mlangoni na kunitazama nikipiga gazeti. Mwezi uliopita nilimwambia niliwafundisha vibaya, na kwamba kila nilipowaambia kaza nilipaswa kuwaambia legeza. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema bega lake la kulia limekuwa likimuuma tangu mwaka 1983, na kwamba siku zote alidhani ni uzee. Tukacheka, halafu hatukucheka. Akavua koti, akasimama kando yangu, akamwomba mjukuu atundike karatasi la pili.

Vifungo vya shati bado hunifungia mke wangu. Kikombe nakishika, mradi kisiwe kimejaa. Mchi nimejaribu mara moja, kwa siri, wakati wote wamekwenda kanisani: niliuinua kwa mikono miwili, nikauachia, na sikuwahi kuudaka. Uliingia kinuni wenyewe.